Gari la Mama Mkunga na Gunia Langu la Makala

Katika maisha yangu nimekuwa mkarimu mara moja tu, na siku hiyo nilitoa kitu kisichokuwa changu. Nilimpa shemeji yangu gunia zima la makala, yaani makaa ya kupikia. Sikumpa kikapu wala nusu gunia. Nililifunga kamba mimi mwenyewe, nikamsaidia kulipandisha kwenye pikipiki, kisha nikasimama mlangoni nikimpungia mkono kama gavana. Pikipiki ilikuwa imekwisha kukata kona nilipokumbuka kwamba katikati ya yale makala, ndani ya mfuko wa nailoni na kitambaa cha zamani cha bibi yangu, mama ya watoto wangu, nilikuwa nimeficha akili ya gari la mama mkunga.

Nasema akili kwa sababu mafundi wetu wa Goma wanakiita hivyo kile kisanduku cha aluminiamu kinachokaa chini ya dashibodi na kuiambia mota, yaani injini, jambo la kufanya. Kwa Kifaransa ni kalkilateri. Ukubwa wake hauzidi kitabu cha misa. Ukikitoa, gari lenye nguvu ya kupanda milima ya Masisi linabaki kuwa banda la kuku lenye vioo.

Basi kabla hamjanipiga mawe, na hapa Majengo mawe ya volkano hayatafutwi mbali, niacheni kwanza niwaeleze mama huyo alikuwa mtu wa namna gani. Mutanipiga baadaye. Nitakuwa nyumbani, kama kawaida.

Alikuwa mama mfupi, mpana wa mabega, mwenye viatu vya wanaume. Alikuwa amekwisha kustaafu kazi ya hospitali, lakini tumbo za wanawake wa avenyu yetu hazikupata barua ya kustaafu kwake. Walimjia asubuhi, walimjia wakati wa chakula, walimjia akiwa kwenye foleni ya komunyo. Alikuwa akisali kwa Kifaransa, akiongea nasi Kiswahili, na kutukana mbuzi waliolala barabarani kwa Kinande. Mimi Kinande sijui, lakini wale mbuzi walikuwa wanakisikia vizuri.

Gari lake lilikuwa lile tunaloliita hapa break: refu la nyuma kama behewa la treni, magurudumu yote manne yakivuta, rangi ya majani yaliyokauka. Lilikuwa limetoka Japani likiwa limekwisha kuzeeka, usukani upande wa kulia, na kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na maandishi ya Kijapani ambayo hakuna mtu aliyeyajua. Yeye alisema yameandikwa: "Funga mulango polepole." Tulimwamini. Ukiupiga mlango ule kwa nguvu, ulitamani uwe umewaudhi Wajapani, si yeye.

Aliishi na gari hilo kila siku. Nyuma alikuwa amelaza viti, akatandika mpira mwekundu wa hospitali, mto mmoja, bidoni ya maji na sabuni. Mbele kulikuwa na rozari, tochi, na karai ndogo ya kunawia miguu. Ndiyo, miguu. Kabla ya kupanda ulinawa. Niliwahi kumuona muke mwenye uchungu ameshika ukuta kwa mikono miwili, anapiga kelele, na mama mkunga amepiga magoti anamuosha nyayo taratibu kabisa.

"Mama, atazaa hapa chini!" bwana yake akalia.

"Atazaa na miguu safi," akajibu. "Na wewe usisimame pale sawa nguzo. Sukuma gari, utasali tukifika."

Kwa sababu gari lilihitaji kusukumwa mara nyingi. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli yake. Pesa alizikataa, akikasirika kama umemtukana, lakini mgongo wako aliutaka. Wanaume wote wa avenyu walilijua lile gari kwa matako yake. Mimi nilikuwa na mahali pangu pa kusukumia, chini ya taa ya kushoto, pale ambapo haionekani sana kama mtu anasukuma ao anaegemea.

Alikuwa ameniona. "Sentineli," aliniita. Kwetu sentineli ni yule anayelipwa kulinda nyumba ya mtu. Mimi nililinda ya kwangu, bila malipo, kuanzia asubuhi. Nina diploma ya taifa ya sekondari, nimeitundika ukutani, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikaa chini yake nikingoja ilete kazi. Bibi yangu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Mama mkunga akimkuta njiani alikuwa akimuuliza: "Sentineli yako hajambo? Ukuta wenu haujatoroka?"

Kitu kimoja tu kilinitoa nyumbani. Usukani ukiwa kulia, na sisi huku tukiendesha upande wa kulia wa barabara, dereva akitaka kulipita lori haoni mbele. Anahitaji mtu wa kukaa kushoto amwambie njia iko wazi. Kila Alhamisi alikuwa akienda Kibati, kule juu kwenye barabara ya kaskazini, kuwapima wanawake wajawazito ambao hawakuwa na mkunga mwingine wala njia ya kushuka mjini. Walijua siku yake. Walimngoja chini ya ukuta wa kanisa tangu asubuhi. Na mara nyingine, akikosa mtu, alinivuta mimi.

"Iko wazi?" angeuliza, mguu tayari kwenye mafuta.

"Iko wazi, mama."

"Uliangalia ao uliwaza?"

Swali hilo sikulipenda. Mara nyingi nilikuwa nimewaza. Mara moja niliwaza tukakutana na lori la maharagwe uso kwa uso, na yeye akalitupa gari juu ya mawe ya volkano, magurudumu yote manne yakashika, tukapanda kilima kidogo kama mbuzi na kushuka upande wa pili. Hakupiga kelele. Alizima mota, akafuta miwani, akaniambia: "Kuwaza ni kazi ya nyumbani. Huku tunaangalia." Kisha akawasha, na mimi nikasukuma.

Alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zingine: gari lake halikubeba maiti. Watu walikuja na machozi, walikuja na jina la paroko, akakataa. "Hii inabebaka wale wanaoingia duniani. Wanaotoka watafute ingine." Wengi walimuona mwenye roho ngumu. Familia moja iliacha kumsalimia mpaka leo.

Lakini jirani yetu wa ng'ambo, yule anayesukuma chukudu, baiskeli ile kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, alipofiwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu, tulimuona mama mkunga anafungua mlango wa nyuma mwenyewe. Jirani huyo ni mlevi. Simsengenyi, yeye mwenyewe anasema. Alisimama na mtoto mikononi, hajui amuweke wapi, na mama mkunga akamwambia: "Leta. Analala tu." Akamnawisha yule mtoto nyayo, kama wote, akamlaza juu ya mpira mwekundu, akaendesha polepole sana kwenda makaburini. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha sheria. Na kesho yake alimkataa mtu mwingine mwenye maiti, kwa maneno yale yale, bila aibu.

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa ndani ya gari hilo, saa sita mchana, kwenye kona ya Katindo, mbele ya kambi. Mwanajeshi alikuja kuuliza karatasi za gari. Mama mkunga akamtupia bidoni. "Mimina hapa kwa mikono yangu, polepole. Na uangalie juu." Mwanajeshi akamimina, akaangalia juu. Bunduki ilikuwa mgongoni. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mbele, nimefumba macho, nimeshika rozari isiyokuwa yangu. Baadaye mama mkunga aliwaambia watu wote kwamba siku ile baba alikuwa yule mwanajeshi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi naye. Sasa niseme juu ya wiki ile ya risasi.

Mwenye gari yeyote wa Goma anajua: watu wenye silaha wakikaribia mji, gari linalotembea si lako tena. Kuna waliovuka mpaka na magari yao mapema. Waliobaki waliyavunja wao wenyewe. Unatoa magurudumu, unaliweka gari juu ya mawe, unafungua betri, unamwaga vumbi juu ya kioo, ili atakayekuja aone chuma kilichokufa apite. Lakini vile vipande unavificha wapi? Ukiviweka vyote nyumbani kwako, vitaonekana.

Mama mkunga alitembea nyumba kwa nyumba mchana kweupe akiviringisha magurudumu yake. Alichagua tu nyumba ambazo alikuwa amepokea mtoto. "Nilipokea wako," alisema mlangoni, "sasa na wewe pokea wangu." Gurudumu moja alimpa mjane anayeuza maharagwe. Moja alipewa mwalimu wa kwaya. Moja alipewa familia iliyotoka vilima vya Masisi, ambayo ilikuwa na miezi mitatu tu katika avenyu yetu, na sisi wengine tulikuwa bado hatujawasalimia vizuri. La nne, tukastaajabu, akalipeleka kwa mlevi wa chukudu. Betri ilienda kwa katekista.

Kwangu alikuja mwisho. Alitoa kile kisanduku chini ya kitenge.

"Hii ndiyo akili yake," akasema. "Inajuana na ufunguo wangu tu. Ikipotea, haina ndugu. Nilijiuliza, nani hatokaki nyumbani hata mvua ya risasi inyeshe? Nikajijibu."

Bibi yangu akacheka. Mimi nikavimba kifua. Kwa mara ya kwanza kukaa kwangu nyumbani kulikuwa na cheo.

Nilikificha ndani ya gunia la makala, kwa sababu niliwaza, na hapa mnisikie vizuri, niliwaza, kwamba wezi watabeba unga, watabeba redio, lakini makala nani atabeba? Na kweli walikuja. Walibeba unga na redio. Makala hawakuyagusa. Nilikuwa na haki ya kujisifu kwa siku tisa.

Siku zote hizo shemeji, kaka ya bibi yangu, alikuwa kwetu na familia yake. Walikuwa wamekimbia Kibati na sufuria moja. Watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Njia ilipotulia wakaamua kurudi. Na mimi, ambaye tangu harusi nimekuwa nikisikia kwamba bwana ya dada yao hana kitu cha kumpa mtu, nikaona gunia limesimama pale pembeni, nikaona uso wa shemeji. Yaliyobaki mmeshayasikia.

Mtaniuliza: si ungempigia simu? Nilimpigia. Siku ile ile. Alipokea kwa furaha sana.

"Shemeji! Aksanti sana, shemeji! Hapa watu wote wanakutaja, tumewaambia gunia muzima!"

Sasa utaanzia wapi? Umempa shemeji zawadi, ameisifu mbele ya wazee wake, na kabla ya jua kuzama unampigia kumwambia kuna kitu changu ndani, kirudishe? Atasema nilimpa gunia ili abebe mzigo wangu. Atasema zawadi yangu ilikuwa maficho. Nikamuuliza kama makala yalikuwa mazuri. Akasema yalikuwa mazuri sana. Nikakata simu.

Kutoka kwetu mpaka Kibati ni nusu saa kwa pikipiki.

Baada ya wiki tatu mama mkunga alisema gari lirudi. Vipande vikarudi siku moja. Mjane aliviringisha gurudumu lake, akiwa amelivika mfuko wa maharagwe. Familia ya Masisi ilileta la kwao limeoshwa. Katekista alileta betri kifuani kama sakramenti. Mlevi wa chukudu alichelewa, tukaanza kutazamana, mmoja akasema, "Lile ameshalinywa." Kisha akatokea, anasukuma gurudumu kwa mkono mmoja, ananuka pombe kutoka kona, na gurudumu halina hata mkwaruzo. Alikuwa amelala nalo kitandani; bibi yake, aliyelazwa chini, ndiye aliyetueleza.

Wote wakageuka kunitazama.

"Iko salama," nikasema. "Niliipeleka kwa shemeji, Kibati. Ni mbali na macho ya watu. Ataileta."

Bibi yangu aliinama akaanza kupanga sambaza ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Jioni aliniambia neno moja tu: "Enda umwambie mama." Nikamwambia nitaenda kesho. Kesho ni siku nzuri sana kwa mtu wa nyumbani.

Basi gari likasimama pale mbele ya nyumba yake na magurudumu manne na betri, linang'aa, halisemi. Fundi wa Katindo alikuja, akatazama chini ya dashibodi, akatikisa kichwa: lazima kisanduku chake chenyewe, ao kingine pamoja na ufunguo wake, na kingine hakipatikani huku. Alhamisi ya kwanza mama mkunga alienda Kibati kwa pikipiki, mkoba umebanwa katikati yake na dereva. Ya pili pia. Kila Ijumaa alipita mlangoni kwangu. "Hakuna habari, sentineli?" Na mimi: "Wiki ijayo, mama."

Alhamisi ya tano, wakirudi, pikipiki iliteleza kwenye mawe. Nyonga ikavunjika. Mlevi wa chukudu alikuwa anashuka na mzigo wa mbao. Aliumwaga kando ya barabara, akamlaza yeye juu ya chukudu, akamleta mpaka hospitali. Tangu siku ile mama mkunga alitembea na fimbo, na Kibati hakufika tena. Alhamisi moja mtu alitumwa kutoka kule kuja kumwambia: Alhamisi iliyopita muke mmoja alimngoja chini ya ukuta wa kanisa mpaka saa nane. Mtoto anaishi. Mama yake walimzika Jumamosi.

Mama mkunga alipokea habari hiyo amekaa ndani ya gari. Alikuwa ameanza kukaa mule mchana, kwenye kiti cha dereva, vioo vimeshushwa. Wanawake walimletea tumbo zao dirishani. Na mimi Ijumaa, yeye akiwa hawezi tena kuja kwangu, nilivuka barabara kwenda kwake, kwa sababu mtu anayedanganya inabidi awe na adabu. "Hakuna habari?" "Wiki ijayo, mama." Hakuwahi kunikaripia. Mimi nilifurahi, nikadhani uzee umempoza.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumatano. Alikuwa anaenda kuishi kwa binti yake Butembo, na gari lilikuwa limeuzwa vipande vipande. Walionunua magurudumu walikuwa wamekwisha kuyachukua. Lilikuwa limerudi juu ya mawe, kama ile wiki ya risasi. Yeye alikuwa ndani, amevaa viatu vyake vya kiume, anangoja mizigo ifungwe kwenye chukudu ya jirani ili apelekwe kwenye basi.

Nilikuwa nimefanya mazoezi. Naapa. Tangu asubuhi nilikuwa nimesimama chini ya diploma yangu nikirudia: Mama, nilikipoteza. Maneno mawili. Nilivuka barabara nikiyashika mdomoni kama maji ya moto. Nikafika dirishani, nikatazama chini, nikasikia mdomo wangu unasema:

"Mama, shemeji alinipigia. Ameipata. Wiki ijayo inafika."

Kisha sauti yake, bila hasira yoyote:

"Uliangalia, sentineli, ao uliwaza?"

"Niliangalia, mama."

Ndipo nikainua macho. Juu ya dashibodi, chini ya rozari, kilikuwa kimewekwa kisanduku. Kimeungua upande mmoja, aluminiamu imeyeyuka ikakunjamana, na masizi ya sufuria yamekishika vizuri. Kipande cha kitambaa cha bibi yangu kilikuwa kimegandia pembeni.

Mama mkunga hakukitazama. Alinitazama mimi, kupitia ile miwani, kwa muda ambao muke anachukua kupumua kati ya uchungu na uchungu.

"Aksanti, mwanangu," akasema. "Basi tutangoja."

Akazungusha mkono wa mlango, polepole, kioo kikapanda mpaka juu.

Niligeuka nirudi nyumbani. Ni hatua ishirini. Jirani wa chukudu alikuwa anakaza kamba juu ya sanduku la mama, akanizuia na mguu, bila kuacha kazi yake, na akaniambia hivi, ninayarudisha maneno yake kama alivyoyasema:

"Ile kitu mama aliikuta Kibati kwa shemeji yako, wameweka juu yake sufuria. Kwanza ilikuwa kwenye dirisha yao wiki na wiki, muzima, inangoja mutu aulize, mpaka wakachoka wakaitia jikoni. Siku alianguka ilikuwa ndani ya mukoba, mimi ndiye nilibeba mukoba. Aliniambia: 'Usimuseme, atasema mwenyewe.' Alikungoja wiki nane, sentineli. Mimi pombe nilikunywa, muji muzima unajua. Lakini gurudumu ya mama sikuikunywa."